Vipaumbele vya chama kwa Jiji la Mwanza: tuanze na yaliyo mikononi mwa halmashauri

Mleta uzi ameuliza chama chake kiandike nini katika vipaumbele vya uchaguzi wa madiwani hapa Mwanza, na ametaja mapendekezo yake: lami hadi milimani, maji saa zote, barabara ya juu pale Buzuruga, masoko ya kisasa na bustani ya kupumzikia kando ya ziwa. Ninajibu nikiwa mtu aliyewahi kuwa mwenyekiti wa mtaa kwa kipindi kimoja katika mitaa ya milimani upande wa Nyamagana, na kwa nafasi hiyo nilikaa katika vikao vingi vya Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako ahadi za kampeni hukutana na makisio ya bajeti.

Ukiangalia orodha yako, ndugu yangu, sehemu yake kubwa haimo katika mamlaka ya diwani. Barabara za mitaa ziliondolewa halmashauri mwaka 2017 na kupewa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na barabara kuu ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Maji ni ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza iliyo chini ya wizara, na hata chanzo kipya cha maji cha Butimba ni mradi wa serikali kuu. Kodi ya majengo, ambayo zamani ilikuwa tegemeo la miji, ilianza mwaka 2021 kukatwa kwenye LUKU na kuingia serikali kuu. Kwa hiyo mgombea udiwani anaposimama jukwaani na kuahidi lami na maji, anaahidi mali ya mwenzake. Anaweza kuomba, kufuatilia na kupiga kelele barazani, na hiyo ni kazi halali, lakini hawezi kuamua. Baada ya miaka mitano wananchi humwona mwongo, naye hubaki kueleza mgawanyo wa mamlaka ambao alipaswa kuueleza siku ya kwanza.

Yanayobaki kwa halmashauri si machache: taka ngumu, masoko na stendi, vibali vya ujenzi na mipango miji, zahanati na shule za msingi, sheria ndogo, pamoja na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Katika hayo yote, ningekishauri chama kiweke jambo moja juu kabisa na kulitengea fedha kikamilifu kabla ya mengine: uzoaji wa taka milimani.

Anayeishi Nyegezi au Capri Point huenda asinielewe mara moja, maana kwake lori hufika mlangoni. Milimani nyumba zimejengwa katikati ya mawe, njia ni vichochoro na ngazi za kuchonga, na hata guta haliwezi kupanda. Lori husimama chini barabarani, hupiga honi, na mama anatakiwa ateremke na kiroba kichwani kabla halijaondoka. Likichelewa au lisipokuja kabisa wiki hiyo, viroba hukaa pembeni ya mawe, mbwa na kunguru huvichana, na mvua ya kwanza ya vuli inapopiga, watu huvisukumia kwenye mfereji kwa sababu maji yatavibeba bure. Nimesimama kwenye kalavati moja la mtaani kwetu mvua ikinyesha: nepi, chupa za plastiki, maganda ya miwa na salfeti nzima zimebanana mdomoni pa bomba, maji yakapanda juu ya barabara na kuingia dukani kwa fundi viatu. Yaliyopita hapo huingia Mto Mirongo, na Mirongo hukata katikati ya jiji na kumwaga ziwani, lile lile tunalochota maji ya kunywa na kuvua sato. Tukisikia tishio la kipindupindu tunafunga magenge ya chakula, ilhali uchafu wenyewe umeteremka kutoka juu.

Kikwazo kikubwa nilichokiona ni ada. Kikundi kilichopewa kazi ya kuzoa taka katani kwetu kilitakiwa kiishi kwa ada ya kila kaya, na kila kaya ilitakiwa ifuatwe mlangoni. Mpangaji alisema mwenye nyumba ndiye alipe, mwenye nyumba alisema anayezalisha taka ni mpangaji, na wengine walisema, kwa haki kabisa, kwamba hawawezi kulipia lori wasiloliona. Kikundi kikakosa hela ya dizeli, lori likapunguza safari, na wachache waliokuwa wakilipa nao wakaacha. Mtendaji wa mtaa akaanza kutishia faini, jambo ambalo lilinipotezea mimi kura bila kuondoa kiroba hata kimoja.

Chama makini kingeandika hivi: sheria ndogo irekebishwe ili ada ya taka imhusu mwenye nyumba, ambaye ni mmoja na anajulikana, badala ya wapangaji wanaohama kila mara, halmashauri igharamie kwa mapato yake ya ndani wabebaji wa kushusha taka kutoka vichochoroni hadi kwenye vizimba vya taka vilivyo kando ya barabara, na mapato na matumizi ya ada yabandikwe ofisi ya mtaa kila mwezi. Vijana wa kubeba wapo. Mkopo wa asilimia 10 unaweza kuwapa vifaa, ila usitegemewe kuwa mshahara wao, kwa sababu mkopo hurejeshwa, na anayebeba taka za watu wasiolipa atarejesha kwa kitu gani?

Wako watakaosema milima haihudumiki. MWAUWASA imeshalijibu hilo kwa upande wa majitaka. Katika maeneo kama Igogo na Mabatini ulijengwa mtandao rahisi wa majitaka, kupitia mradi uliofadhiliwa na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, kwa mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba na mawe pale ambapo bomba kubwa na gari la kunyonya vyoo visingefika. Waliokuwa wakifungulia vyoo mvua ikinyesha wakaunganishwa. Walioupanga mtandao huo walifuata umbo la mlima, na huduma ya taka inahitaji mpango wa namna hiyo.

Liko pia suala la halmashauri mbili. Kwa sensa ya 2022 Nyamagana, iliyo chini ya Halmashauri ya Jiji, na Ilemela, iliyo chini ya Manispaa, kwa pamoja zina watu zaidi ya milioni 1.1, na mkazi wa kawaida hajui anapovuka mpaka kati ya Jiji na Manispaa. Vipaumbele vya chama vikiandikwa na kamati mbili zisizokutana, tutapata ada mbili tofauti, na kila upande utalaumu mfereji wa mwenzake.

Kuhusu masoko sitasema mengi. Machinga walihamishwa kutoka barabarani mwaka 2021, na tunaona wanavyorudi jioni, kwa sababu mteja hamfuati muuzaji mahali asipopita. Jengo jipya halitatui hilo. Chama kiahidi tu kwamba orodha ya waliopewa vizimba vya biashara sokoni itatangazwa hadharani, jina kwa jina, maana manung'uniko mengi niliyoyasikia yalihusu vizimba ambavyo waliopewa hawafanyi biashara.

Bustani ya ziwani ndilo pendekezo lako ninaloliunga mkono bila shaka, na halihitaji fedha nyingi kuanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na vibali vya ujenzi hupita halmashauri. Muulize mgombea wako, mbele ya watu, kama yuko tayari kupinga barazani kibali cha ukuta au hoteli ndani ya mita hizo, hata mwombaji akiwa mfadhili wa kampeni yake.