Ukimsoma Dante, usiishie Jehanamu

Mara mbili nilianza Divina Commedia ya Dante Alighieri, shairi refu la Kiitaliano ambamo yeye mwenyewe anasafiri Jehanamu, Toharani na Peponi, na mara zote mbili nikaiweka chini kabla sijatoka Jehanamu. Nilikuwa naisoma kama riwaya, kurasa arobaini kwa usiku mmoja, na kila jina geni nalikimbilia kwenye maelezo. Humo mna mapapa, wafalme na majirani wa Dante pale Firenze, mji wake huko Italia. Ukitaka kumjua kila mmoja utachoka.

Mara ya tatu nilikuwa nimetoka kumzika kaka yangu. Nikawa nasoma wimbo mmoja tu (ndivyo sura zake zinavyoitwa) kila usiku, nyumba ikishalala. Nyimbo zote ni 100, kwa hiyo ni miezi mitatu na ushei. Fanya hivyo hivyo: soma wimbo mzima bila kugusa maelezo, kisha lirudie jambo moja lililokugusa, ulitafutie maana, ulale.

Hata kama hujui Kiitaliano, tafuta chapa yenye maneno ya asili kando, uyasome kwa sauti. Sisi tuliokulia kwenye vina na mizani tutausikia ufundi wake upesi. Kila ubeti una mishororo mitatu ya mizani 11. Wa kwanza unaishia vita, oscura, smarrita (vita kwao ni maisha). Wa pili dura, forte, paura. Kina cha kati cha ubeti mmoja ndicho kinachofungua na kufunga ubeti unaofuata, hadi mwisho wa wimbo.

Rafiki yangu Mwislamu nilipomwazima kitabu nilimwonya mapema kuhusu wimbo wa 28 wa Jehanamu, unaomtaja Mtume kwa namna ya kuumiza. Akauruka, akaendelea.

Na kuendelea ndiko ninakokusisitizia. Ukishamwona Ugolino akiguguna fuvu la adui yake kwenye barafu, utadhani umeona yote. Hapana. Kwangu moyo wa shairi uko Toharani, roho zinakotakaswa kabla ya kuingia Peponi, kwenye mlima uliozungukwa na bahari, ambako kuna alfajiri na jioni, na kila aliyeko anajua iko siku atafika juu.

Katika wimbo wa pili wa huko, roho zinashuka kutoka kwenye chombo kinachoongozwa na malaika. Mmoja anamjia Dante kumkumbatia. Ni Casella, mwimbaji, rafiki yake aliyefariki. Dante anamzungushia mikono, mikono inarudi mitupu kifuani pake. Mara tatu. Kisha anamwomba amwimbie, kama alivyokuwa akimtuliza zamani. Casella anaimba shairi la Dante mwenyewe, na roho zote zinasahau safari, zinasimama kusikiliza, mpaka mzee Cato, mlinzi wa mlima, anakuja kuzikemea.

Kaka yangu alikuwa akiimba kila alipopiga pasi. Usiku ule niliishia hapo.

Peponi ni pazito, na mimi mpaka leo hupapita polepole. Ila wimbo wa 17 usiupite haraka. Dante alifukuzwa Firenze mwaka 1302, akafia Ravenna mwaka 1321 bila kurudi kwao. Katika wimbo huo Cacciaguida, babu wa babu yake, anamtabiria kwamba ataonja jinsi mkate wa watu ulivyo na chumvi, na atajua ugumu wa kupanda na kushuka ngazi za watu. Mkate wa Firenze, hata leo, huokwa bila chumvi.