Kuandika, kompyuta ikaongea kwenye Zoom au Meet: jinsi ya kuunganisha maiki bandia

Mkuu, umeuliza namna mtu asiyeweza kuongea, au aliyezuiwa na daktari kutumia sauti kwa muda, anavyoweza kuandika maneno na wenzake wakayasikia kikaoni kana kwamba yametoka kwenye maiki yake. Inawezekana, na haigharimu kitu. Kusoma maandishi ndiyo sehemu rahisi. Kinachowashinda wengi ni njia ya sauti: iingie wapi, itokee wapi, na nani anaichuja katikati.

Tuanze na Windows. Pakua VB-CABLE, programu inayotengeneza maiki bandia, kwenye tovuti ya VB-Audio. Fungua zipu kwanza, toa mafaili yote kwenye folda, ndipo ubofye kulia VBCABLE_Setup_x64 na kuchagua kuiendesha kama msimamizi. Ukiiendesha ikiwa bado ndani ya zipu, usakinishaji hukwama. Ikimaliza, zima kompyuta na uiwashe upya.

Sasa utaona vifaa viwili vipya, na hapa ndipo watu hupotea. "CABLE Input" imo kwenye orodha ya spika: huko ndiko programu inayosoma inamwaga sauti. "CABLE Output" imo kwenye orodha ya maiki: hiyo ndiyo unayoichagua ndani ya Zoom, Meet au Discord. Ichukue kama bomba, majina yametajwa kwa upande wa bomba lenyewe, siyo upande wako. Ukikuta "CABLE Output" imechaguliwa kama maiki na bado kuna ukimya, tatizo mara nyingi liko upande wa kuingizia.

Usiifanye "CABLE Input" kuwa spika kuu ya kompyuta. Nimeona maelekezo mengi yakisema hivyo na ni ushauri mbovu: kila mlio wa ujumbe utaingia kikaoni, na sauti za wenzako zitarudi kwao kama mwangwi. Elekeza programu moja tu. Kwenye Windows 11 nenda Settings, System, Sound, kisha "Volume mixer". Tafuta programu inayosoma na uibadilishie kifaa cha kutolea sauti. Programu haionekani kwenye orodha mpaka iwe imefunguliwa na imeanza kutoa sauti, kwa hiyo iache isome kitu kwanza.

Sauti ya Kiswahili je? Windows yenyewe haiji nayo, ndiyo maana Balabolka, ambayo ni programu nzuri sana ya kusoma maandishi, itakusomea Kiswahili kwa lafudhi ya Kiingereza mpaka ucheke. Njia ya haraka ni kivinjari cha Edge. Kina sauti zinazoitwa Rehema na Daudi kwa Tanzania, Zuri na Rafiki kwa Kenya. Andika maneno kwenye Notepad, hifadhi, fungua faili hilo ndani ya Edge, bonyeza Ctrl+Shift+U, kisha chagua sauti. Ukiongeza sentensi, hifadhi tena na uburudishe ukurasa.

Angalizo mbili hapo. Kwanza, usifungue Meet ndani ya Edge hiyohiyo, kwa sababu "Volume mixer" huelekeza programu nzima, siyo kichupo kimoja. Wenzako watajisikia wenyewe. Kikao kifungue kwenye Chrome au Firefox. Pili, sauti hizo zinatengenezwa kwenye seva za Microsoft. Intaneti ikiyumba, sauti inachelewa, na maandishi yako yanatoka nje ya kompyuta. Kwa mazungumzo ya daktari au wakili, mimi ningetumia Piper.

Piper ni programu ya kusoma maandishi inayofanya kazi bila intaneti. Ina sauti ya Kiswahili cha Kongo, sw_CD-lanfrica-medium, kwa hiyo lafudhi itasikika ya huko. Maneno yanaeleweka vizuri. Pakua mafaili yote mawili, la .onnx na la .onnx.json, yakae folda moja. Likikosekana la pili, haisomi. Kisha:

echo Naomba nafasi ya kuchangia | piper -m sw_CD-lanfrica-medium.onnx -f jibu.wav

Faili la jibu.wav licheze kwa VLC, ambayo kwenye menyu ya Audio, "Audio Device", unaichagulia "CABLE Input" moja kwa moja. Faida nyingine: tayarisha mapema sentensi fupi kama "Subirini, naandika" na "Nakubaliana". Kikao hakimsubiri anayechapa, na sentensi hizo ndizo zitakazokushikia zamu.

Kwenye Linux huhitaji kupakua bomba lolote:

pactl load-module module-null-sink sink_name=bomba
pactl load-module module-remap-source master=bomba.monitor source_name=maikibandia
espeak-ng -v sw -s 140 --stdout "Habari za asubuhi" | paplay --device=bomba

Mstari wa pili usiuruke. Chrome huficha vyanzo vya aina ya monitor, hivyo bila huo hutaiona maiki. Ukiwasha kompyuta upya, mistari miwili ya kwanza inabidi irudiwe. Sauti ya eSpeak, programu inayosoma kwenye mstari wa tatu, ni ya kirobo kabisa, ila inajibu papo hapo.

Sasa vichujio. Zoom, Meet, Teams na Discord zote zina kizuia kelele kilichofundishwa sauti za binadamu, na sauti ya mashine wakati mwingine kinaikata au kuifanya ikoromee. Kizime. Kwenye Zoom washa "Original sound" na uondoe alama ya kurekebisha maiki kiotomatiki. Kwenye Discord zima Krisp (kizuia kelele chake), "Echo Cancellation" na "Automatic Gain Control".

Neno la kwanza likimezwa kila mara, mlango wa sauti, yaani kichujio kinachofunga maiki pakiwa kimya, unachelewa kufunguka. Anza na neno la kupoteza, mfano "Eeh," halafu sentensi yenyewe. Sauti ikikwaruza, weka pande zote mbili za bomba kwenye 48000 Hz.

Wewe mwenyewe hutasikia kitu, kwani sauti imeenda kwenye bomba. Kwenye Windows, bonyeza Windows+R, andika mmsys.cpl, nenda Recording, "CABLE Output", Properties, Listen, weka alama na uchague hedifoni. Ni hedifoni, siyo spika. Mtu anayeweza kuongea kidogo na kuandika kidogo afanye hivyohivyo kwa maiki yake halisi, ila aielekeze "CABLE Input". Zote mbili zitasikika.

Katika kuandika: tarakimu ziandike kwa maneno. "14:30" mashine haitaigeuza kuwa saa nane na nusu mchana, na "Sh 45,000" inaweza kusomwa vipande vipande. Alama ya ng' iwe ile iliyonyooka. Ukinakili kutoka Word inakuja iliyopinda, na hiyo huvuruga matamshi. Kwenye Linux sentensi yenye ng'ombe ifunge kwa alama za mtajo mbili, la sivyo amri inabaki inasubiri.

Simu ya Android ya kawaida achana nayo kwa kazi hii. Hairuhusu programu moja kujifanya maiki ya nyingine. Ukiwa na Mac, BlackHole ndiyo bomba lake, na amri ya say -a "BlackHole 2ch" inapeleka sauti moja kwa moja.