Wafu wa Shifti ya Usiku

Mhariri, wiki hii mmeuliza: katika katuni, vipindi vya runinga na filamu za zamani za kutisha, ipi inafaa kutazamwa upya, na kwa nini? Najua wengi watawaletea za juzijuzi. Mimi narudi hadi 1932, kwenye filamu ya Kimarekani iitwayo White Zombie.

Siwadanganyi kwamba ni nzuri mwanzo mwisho. Baadhi ya waigizaji wake wanaongea kama wanaosoma barua ya posa, na bibi harusi wa humo kazi yake kubwa ni kukodoa macho. Lakini ina dakika chache ndani ya kiwanda cha sukari ambazo, kwangu, hazijapata mpinzani.

Nieleze nilikotoka ili mnielewe. Nimekulia kwenye kambi ya wafanyakazi wa mashamba ya miwa, mkoani Morogoro. Baba alikuwa fundi wa kutia grisi kwenye vinu. Msimu wa kusaga ukianza, kiwanda hakilali: king'ora kinalia, shifti moja inatoka nyingine inaingia, na harufu ya molasi inakufuata mpaka kwenye uji. Miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa, majani makavu yaishe na nyoka wakimbie. Kwa hiyo wakataji wakirudi wanakuwa weusi tii kwa masizi, panga mkononi, na kwa uchovu hawasemi neno. Unaona macho tu. Sisi watoto tulikuwa tunakimbia huku tukipiga kelele, "Misukule hao!" Siku moja mama akanichapa kwa hilo, maana mmoja wao alikuwa baba wa rafiki yangu, na alisikia.

Kwa msomaji wa mbali ambaye neno hili halimfikii: msukule ni mtu anayesemwa amekufa, kumbe kachukuliwa na mchawi, nanyi mmezika mgomba. Mwenyewe yuko hai, ulimi umekatwa, analishwa pumba, na usiku analimishwa shamba la aliyemchukua. Ndiyo maana tajiri ambaye shambani kwake huoni vibarua mchana, lakini mahindi yamesimama, majirani hukonyezana akipita. Sisemi ni kweli. Maneno hayo yameshaua vikongwe wasio na hatia. Nasema tu kwamba hofu hiyo tumeinyonya na maziwa, na ndiyo niliyoingia nayo kwenye kibanda umiza.

Huko niliona wafu wa filamu kwa mara ya kwanza. Runinga ya chogo, mkanda uliochoka, jenereta inakohoa nje, na mtafsiri kashika kipaza sauti anatumiminia Kiswahili juu ya Kiingereza. Filamu ilikuwa Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968. Wale wafu walipoanza kuizingira nyumba, mtafsiri hakujiuliza mara mbili: "Misukule hao wanakuja, mama yangu!" Kibanda kizima kikapiga yowe. Baadaye wafu wakaanza kutafuna watu, na mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu: "Sasa misukule gani hawa, hawana hata kazi ya kufanya?"

Tulimcheka. Ilinichukua miaka kujua kwamba mzee alikuwa amegusa penyewe.

Katika filamu ile ya Romero neno zombi halitamkwi hata mara moja. Yeye mwenyewe aliwafikiria kama majitu ya kula maiti. Dunia ndiyo iliyowabandika jina hilo, na toka hapo zombi akawa mla watu, anayetembea kwa kuburuza mguu bila shughuli. Zombi wa asili hakuwa hivyo. Zombi wa asili anatoka Haiti, na kazi yake ni kazi.

Haiti ilikuwa koloni la Wafaransa la sukari. Waafrika walipelekwa huko wakasagwa pamoja na miwa, mpaka walipoasi 1791 na kupata uhuru 1804. Mtumwa aliamini kwamba akifa anarudi Ginen, yaani Afrika, kwao. Kufa ndiyo ilikuwa likizo yake ya pekee. Sasa mfikirie mtu anayenyimwa hata hiyo: anafukuliwa, anarudishwa shambani, na safari hii hana pa kukimbilia. Huyo ndiye zombi. Mwaka 1915 Marekani ikaingia Haiti na jeshi lake, ikawakusanya wakulima kwa nguvu kujenga barabara, na haikuondoka hadi 1934. Katikati ya ukaliaji huo, mwaka 1929, Mmarekani William Seabrook akachapisha kitabu chenye habari za wafu waliosemekana kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya kampuni ya kigeni. Miaka mitatu baadaye ikatoka White Zombie.

Inaanza usiku. Wachumba wawili wa Kimarekani wako ndani ya gari la farasi, ghafla njia imezibwa: watu wanazika katikati ya barabara. Dereva anawaeleza kwamba wenyeji huzika pale panapopita watu daima ili wezi wa maiti wasipate nafasi ya kufukua. Mtu wa kwetu hahitaji tafsiri hapo. Sisi tunamwaga zege, au vijana wanalinda kaburi kwa zamu. Mbele kidogo watu wanateremka mlimani kimyakimya, dereva anawachapa farasi mbio, na akiulizwa anajibu kwamba wale si watu, ni maiti zilizotolewa makaburini zikafanye kazi usiku viwandani na mashambani.

Mwenye kiwanda anaitwa Legendre. Anaigizwa na Bela Lugosi, yule Mhungari aliyeigiza Dracula, mnyonya damu wa filamu, mwaka mmoja kabla, na macho yake yanapewa nafasi kubwa kuliko mdomo. Mwenye shamba mmoja anamfuata kuomba msaada wa mambo ya mapenzi, na hapo ndipo tunaingia kinuni. Wafu wanapanda na vikapu vya miwa kichwani, wanazunguka, wanamwaga, wanazunguka. Chini wenzao wanasukuma nguzo za kinu kama ng'ombe wa kukamua ufuta. Hakuna muziki. Kuna mlio wa mbao tu, mrefu, wa kukwaruza, kama mlango mkubwa usiomaliza kufunguka. Mmoja anateleza, anaangukia ndani. Kinu hakisimami. Aliye nyuma yake anamwaga kikapu chake palepale na kuendelea. Legendre anamsifia mgeni vibarua wake: ni waaminifu, saa nyingi hazisumbui roho zao.

Nilipoitazama nikiwa mtu mzima sikuogopa wafu. Niliogopa sauti ile ya muuzaji. Hata Lugosi hajitahidi kutisha pale. Anaongea kama bwana anayemwonyesha mwenzake trekta jipya.

Ukimaliza hiyo, usilale kabla ya kuona I Walked with a Zombie ya 1943, iliyoongozwa na Jacques Tourneur. Jina ni la kibandani, na kwa kweli studio ndiyo iliyomlazimisha nalo mtayarishaji, Val Lewton. Ndani yake ni kitu cha upole na huzuni. Muuguzi kutoka Kanada anafika kisiwa cha miwa huko Karibi. Mwenye gari la farasi, mtu mweusi, anamsimulia jinsi mababu na mabibi wa zamani walivyoletwa wamefungwa minyororo ndani ya meli. Dada wa watu anajibu kwamba, basi, waliletwa mahali pazuri. Mzee wa watu anamwambia, kwa adabu zote, kama wewe ndiye unayesema, bibie. Jibu hilo tunalijua. Ndilo jibu ambalo babu zetu walimpa mwenye shamba la mkonge na bado wakapata posho. Humo humo utaambiwa kwamba kisiwani watu hulia mtoto akizaliwa na hufurahi mtu akizikwa. Halafu kuna matembezi ya usiku kupitia shamba la miwa, upepo ukipita kwenye majani. Mimi sauti ya miwa usiku naijua. Sikuweza kukaa vizuri kwenye kiti.

Mmeuliza na katuni. Hapa mkono wangu unakwenda moja kwa moja kwenye The Skeleton Dance ya Walt Disney, ya 1929, ya kwanza katika mfululizo wa Silly Symphonies. Sehemu kubwa ilichorwa na Ub Iwerks, muziki wa Carl Stalling, ambaye ndani yake alichomeka kipande cha Mnorwei Edvard Grieg. Haifiki dakika sita na haina neno hata moja. Mifupa inatoka makaburini, mmoja unaupiga mwenzake mgongoni kama marimba, paka anageuzwa zeze. Nimeitazama mara nyingi ajabu, na kinachonivuta ni kwamba hawa ni wafu wasio na bwana. Hawatishi mtu, hawamtafuti mtu, wanacheza ngoma yao tu. Jogoo akiwika wanagongana kwa haraka ya kurudi ndani, kama vijana waliochelewa kurudi bwenini, na miguu miwili inasahaulika nje. Toka Januari 2025 haki zake zimekwisha muda huko Marekani, kwa hiyo itafuteni bila wasiwasi.

Lonesome Ghosts ya 1937 ni ya kucheka zaidi. Mizimu minne imefukuza kila mtu kwenye nyumba, sasa haina wa kumtisha, imechoka kwa kukosa kazi. Inaona tangazo gazetini la wafukuza mizimu, inawapigia simu yenyewe. Hao wafukuzaji ni Mickey, Donald na Goofy, wamelala ofisini kwa kukosa wateja. Pande zote mbili hazina kazi! Mwisho, mashujaa wanaangukia kwenye molasi na unga, wanatoka weupe wa kunata, na mizimu ndiyo inayokimbia. Mtoto wa kambi ya miwa akisikia molasi kwenye katuni ya Disney anajiona ametajwa jina.

Scooby-Doo, ile katuni ya vijana na mbwa wao wanaosaka mizuka, naiacha. Ilikuwa tamu 1969 na ni tamu leo, lakini ukishajua kwamba mzuka ni mtu anayetaka kiwanja, umeshaziona zote.

Kwa runinga nachagua kipindi kimoja cha The Twilight Zone, mfululizo wa Kimarekani wa hadithi za ajabu, ambacho hakitajwi sana, cha Mei 1964, The Brain Center at Whipple's. Hakina mzuka. Kina mwenye kiwanda anayeleta mashine na kufukuza watu, idara baada ya idara, huku akizungusha mnyororo wa funguo kidoleni. Mwishowe naye anafukuzwa, na ofisini kwake kunasimama roboti, inazungusha funguo vilevile. Kimeandikwa na mwanzilishi wa mfululizo, Rod Serling mwenyewe, na kwa kweli anahubiri mno. Vumilieni. Kiwekeni kando ya kinu cha Legendre: yule alitafuta watu wasiochoka, huyu kaamua kuachana na watu kabisa.

Na Romero? Mrudieni pia, ila kwa ajili ya mwisho. Shujaa wake, anayeigizwa na Duane Jones, ni mtu mweusi aliyehimili usiku kucha, na asubuhi anapigwa risasi na watu waliokuja kuokoa. Kibandani kwetu mtafsiri aliyekuwa hakauki maneno alinyamaza hapo, tukasikia jenereta tu.

Mwaka jana nilimwonyesha baba White Zombie kwenye simu. Amestaafu, masikio bado mazima. Tulipofika kinuni akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. "Kinu hicho kinalia," akasema, "hakijatiwa grisi." Yule mtu akaanguka. Akaniambia nirudishe tena. Mara ya tatu akauliza, "Ina maana hakuna hata wa kupiga king'ora?" Nikamwambia hakuna, baba. Akanirudishia simu yangu, akaingia ndani kulala, na wala taarifa ya habari ilikuwa haijaanza.