Si Katuni, Si Malezi: Kwa Mama Aliyeniandikia

Juzi mama mmoja kaniandikia. Mwanawe ana miaka 3, hamtazami mtu usoni, akiitwa hageuki, na mama mkwe keshatoa hukumu: katuni ndizo zilizomharibu. Mdogo wangu, hukumu hiyo naijua. Mimi nina mtoto mwenye usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayobadili namna mtu anavyowasiliana na wenzake; niliambiwa nimemdekeza, nikaambiwa nilipita pabaya wakati wa magharibi nikiwa mjamzito, na harusini shangazi mmoja akasema, meza ya pili wakasikia, kwamba mtoto wangu hana adabu. Linaniuma mpaka leo.

Usonji huanza kwenye ubongo, mara nyingi tangu tumboni. Mwaka 2013 watafiti Warren Jones na Ami Klin wa Marekani walichapisha walichokiona walipofuatilia macho ya watoto wachanga: waliokuja kugundulika na usonji walianza kupunguza kutazama macho ya watu kati ya mwezi wa 2 na wa 6. Katuni gani hiyo ya mtoto wa miezi 2? Kwa baadhi yao ubongo hukua upesi kupita kawaida miaka ya mwanzo. Wakosefu hapo ni nani, mama?

Kwa hiyo usimshike kidevu ukimwambia "nitazame". Wangu hunisikia vizuri zaidi akiwa anaangalia feni. Mwite, subiri, sema jambo moja, subiri tena. Kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Shikamoo haitoki mdomoni mwake, lakini mgeni akifika yeye hupanga viatu vya mgeni huyo mlangoni, kisigino kwa kisigino, vikielekea nje tayari kwa kuondoka. Babu yake akiviona huitikia "marahaba!" Nami natembea kifua mbele.

Na nyinyi mashangazi, sikilizeni. Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: sisi nasi tunashindwa kuwasoma wao. Basi kwa nini kila siku mtoto ndiye ajifunze kwetu? Jifunzeni na nyinyi. Punguzeni muziki, punguzeni kumbusu kwa nguvu, acheni kucheka anaporusha mikono.

Wewe mama, kwanza mpeleke akapimwe masikio, maana asiyesikia vizuri naye hageuki akiitwa. Kisha omba rufaa kwa daktari wa watoto anayeshughulikia ukuaji. Usingoje "ataongea tu, hata baba yake alichelewa". Mama mkwe akija, mpe simu asome aya ya pili.