Kabla ya Kumpa Mtu Uongozi wa Shirika la Amani

Uchaguzi wa Agosti 2027 unakaribia, na huku kwetu Molo, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, vikundi vya amani vimeanza kuchipuka tena. Vijana wananijia na rasimu ya katiba, jina zuri na nembo, wakitaka niwaonyeshe njia ya usajili. Nawaonyesha. Kikundi cha kijamii husajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya mwaka 2022, na shirika linalotaka kukua zaidi huenda kwa Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ile iliyopitishwa 2013 ikakaa hadi Mei 2024 ndipo ikaanza kutumika. Hayo ni mambo ya karatasi, na karatasi hupatikana. Kinachonikosesha usingizi ni swali wasiloniuliza: nani ataongoza?

Mara nyingi jambo hilo limeshaamuliwa kabla ya kikao cha kwanza. Mwenyekiti ni msomi wa kijiji, au mchungaji mwenye waumini wengi, au mwalimu mkuu mstaafu anayejua kuwaandikia wafadhili. Wote ni watu wa heshima. Lakini nimekaa kwenye bodi ya shirika dogo la amani kwa miaka, nimeona viongozi wakija na kwenda, na imani yangu imesimama mahali pamoja: anayefaa kuongoza kazi hii ni yule anayeweza kuwakemea watu wa upande wake mbele ya umma, nao wakaendelea kumsikiliza. Ukimweka mtu anayependwa na wa kwao pekee, umeweka msemaji wa kabila. Ukimweka anayesifiwa na watu wa upande wa pili tu, wa kwao watamwita msaliti na neno lake litaishia mlangoni.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, na nawaomba wanaoanzisha mashirika waujue vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir zilikuwa zikiuana: Waajuran, Wadegodia, Waogaden. Watu wale walikuwa tayari wamebeba majeraha ya mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, yaliyofanywa na vyombo vya usalama vya serikali yao wenyewe, kwa hiyo kumwita askari hakukuwa jambo jepesi. Mwaka 1993 kundi dogo la wanawake, mmoja wao akiwa Dekha Ibrahim Abdi, lilianza kuzungumza baada ya kukutana harusini. Dekha hakuwa na cheo chochote kikubwa wakati huo. Alikuwa mama mwenye mtoto mdogo, amechoka kuishi kwa hofu.

Walianzia sokoni. Soko la Wajir lilikuwa limegawanyika, mwanamke wa ukoo huu hauziwi maziwa na mwanamke wa ukoo ule. Wakaunda kamati ya kulinda soko, ili kila mama auze na anunue bila kuulizwa ukoo wake, na kila anayechokozwa apate pa kwenda kusema. Kisha wakawafuata wazee. Msemaji katika mazungumzo hayo alitoka ukoo mdogo kuliko zote, mtu ambaye hakuna aliyeweza kumshuku kwamba anataka kutawala malisho au visima. Mwaka huohuo wa 1993 wazee wakatia sahihi Azimio la Al Fatah, makubaliano yao ya amani. Vijana nao wakaundiwa kundi lao. Mwaka 1995 makundi hayo yote yakaunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, chini ya kamati ya maendeleo ya wilaya, na baadaye mfano huo ukaigwa sehemu nyingi za Kenya kwa jina la kamati za amani za wilaya.

Katika yote hayo, kuna jambo ninalolirudia kila semina ninayoalikwa. Kabla ya kuanza, wanawake wale waliulizana: wa ukoo wangu wakiwaua jamaa zako, utaendelea kufanya kazi hii pamoja nami? Asiyeweza kusema ndiyo aliombwa asiingie. Sijaona kipimo cha uongozi kinachokishinda hicho. Hakiulizi elimu yako wala umri wako. Kinakutaka useme leo, damu ikiwa baridi, utasimama wapi siku itakapochemka.

Sasa turudi kwetu. Molo, Njoro na Kuresoi zimepitia mapigano ya 1992, yale yaliyofuata uchaguzi wa 1997, na ya 2007 hadi 2008. Kitaifa awamu ile ya mwisho iliua zaidi ya watu 1,100 na kuwatoa zaidi ya 600,000 makwao. Aliyeishi hapa anajua kwamba moto hauanzi na tamko la kiongozi mkubwa peke yake. Unaanza na ng'ombe aliyepotea jioni, kikaratasi cha vitisho kilichobandikwa dukani, na siku hizi sauti ya dakika moja kwenye WhatsApp.

Kuna mama mmoja katika bodi yetu, muuza viazi, ambaye hakufika sekondari. Msimu mmoja wa mavuno ulienea uvumi kwamba kijana wa bodaboda wa upande wake amepigwa mshale ng'ambo ya mto. Giza lilikuwa linaingia, na vijana walikuwa wameshaanza kukusanyika kituoni wakiwa na rungu. Mama akampigia simu mzee wa ng'ambo. Mzee akaenda mwenyewe zahanati, akampigia: kijana yuko hai, ameanguka na pikipiki kwenye utelezi, mguu umevunjika. Mama akaomba aongee na kijana mwenyewe, akatembea na simu mkononi hadi kituoni, akaiweka sauti ya juu wote wasikie. Halafu akafanya kile ambacho wengi wetu tungekiogopa. Akamtaka aliyerekodi ule uvumi ajitokeze. Alikuwa mpwa wake. Akamkemea palepale, kwa jina lake na jina la baba yake, na usiku uleule akampeleka kwa chifu akaeleze mwenyewe.

Jaribuni kufikiri ni nini kilichomwezesha. Mzee wa ng'ambo alipokea simu usiku kwa sababu wawili hao huongea siku za kawaida pia: bei ya gunia, mbegu, msiba, mahari ya binti wa jirani. Namba ya simu iliyopigwa mara ya kwanza siku ya vita huwa haipokewi. Na vijana walinyamaza kwa sababu wanamjua kuwa ni wao, aliwalisha wengine wakiwa wadogo, hakuna aliyeweza kusema ameletwa na wazungu au na serikali.

Kwa hiyo nikiombwa njia ya kuchagua, natoa hii. Msianze na uteuzi kwenye mkutano wa hadhara, maana pale wenye sauti kubwa ndio hushinda. Pitieni kwanza boma kwa boma, soko kwa soko, pande zote, muulize: mifugo yako ikiibwa usiku huu na nyayo zikaelekea upande ule, ungempigia nani wa upande ule? Andikeni majina. Majina yatakayojirudia ndiyo bodi yenu. Mtashangaa kukuta fundi cherehani, mwuguzi wa zahanati, na dereva wa matatu anayepita kila siku katika vijiji vyote viwili. Msomi wenu naye mtampata, awe katibu, maana ripoti lazima ziandikwe na ziandikwe vizuri.

Wanawake wakalie viti vyenye uamuzi. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeona kamati ambamo kina mama watatu wapo kwenye orodha na kazi yao ni chai. Angalieni Azimio la Modogashe la 2001, lililofanya mengi mema kaskazini kuhusu malisho, wizi wa mifugo na kusafirishwa kwa silaha. Ndani yake fidia ya mwanamume aliyeuawa iliwekwa ng'ombe au ngamia 100, na ya mwanamke 50. Unaposoma namba hizo unajua ni nani waliokuwa na usemi siku ile. Jamii ndogo nazo ziwe na nafasi ya kweli. Kwetu hapa nawazungumzia Waogiek, ambao msitu ulikuwa wao kabla yetu sote na ambao husahaulika wakubwa wawili wanapopatana.

Kuhusu wanasiasa sina mjadala. Mwenye nia ya kugombea kiti cha MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, au kingine chochote aondoke uongozini mapema, na katiba yenu iseme hivyo kwa maneno yasiyopindika. Hata akiwa mwema namna gani, siku atakaposimama jukwaani na fulana ya chama, kila upatanisho aliowahi kuusimamia utasomwa upya kama kampeni. Chifu awe karibu, aalikwe, apewe taarifa, lakini asiwe mwenyekiti. Kuna mambo ambayo watu hawatayasema mbele ya mtu anayeweza kuwakamata.

Fedha nazo. Posho imeua kamati nyingi kuliko risasi. Wafadhili huja mwaka wa uchaguzi na mikutano ya hotelini, kila anayehudhuria anatia sahihi na kupokea bahasha, kisha matokeo yakishatangazwa wanaondoka, na kamati iliyozoea bahasha haikutani tena. Mlipe nauli halisi na muda wa maongezi, kwa kiwango kimoja kwa wote, mwenyekiti na kijana wa mwisho. Waweka sahihi wa akaunti wasitoke jamii moja. Hesabu zisomwe barazani kwa sauti, shilingi kwa shilingi, kwa lugha ambayo mzee wa kule juu msituni ataielewa. Watu wanaoshukiana kuhusu ardhi hawatawaamini kwa jambo lolote wakiona siri kwenye pesa. Hata hivyo, mratibu anayeshinda njiani mchana na usiku alipwe mshahara, na mwanamke anayefanya kazi hiyo asiambiwe kuwa ni ya kujitolea wakati mwanamume analipwa.

Kuna kesi ambazo kiongozi wa amani hatakiwi kuzigusa, na hapa ndipo hupimwa kama kweli anaweza kuwakemea wa kwao. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaziagiza mahakama zikuze upatanisho na njia za kimila, lakini kifungu hichohicho kinakataza mila zinazovunja Sheria ya Haki, ile sura ya Katiba inayolinda haki za kila mtu. Mtoto akinajisiwa, wazee wa pande zote watakuja na mbuzi na maneno matamu ya ujirani. Watasema kesi ikienda polisi, amani itavunjika. Kiongozi wenu lazima awe mtu wa kusema hapana, ampeleke mtoto hospitali na kwa polisi, kisha arudi akaketi na hasira ya wazee. Amani inayolipiwa na mtoto wa mtu sitaitetea mahali popote.

Dekha alipopewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007, wengi walidhani kilele cha kazi yake kimefika. Muda mfupi baadaye nchi ikawaka. Yeye, Balozi Bethuel Kiplagat, majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazaro Sumbeiywo, pamoja na George Wachira, wakaanzisha mpango wa Wananchi Wanaojali Amani, wakikutana na watu Nairobi asubuhi baada ya asubuhi huku mazungumzo makubwa ya mpatanishi Kofi Annan yakielekea mkataba wa Februari 28, 2008. Tazameni mchanganyiko ule: balozi, wanajeshi wawili, mwanamke Mwislamu kutoka Wajir, mtafiti. Kila mmoja alikuwa na mlango ambao wenzake wasingefunguliwa. Mkiunda bodi, ulizeni kila mjumbe anafungua mlango gani. Wawili wakiwa na mlango mmoja, mmoja anatosha.

Dekha alifariki Julai 2011 kufuatia ajali ya barabarani. Alikuwa na miaka 47 tu. Kazi ya Wajir haikuzikwa naye, kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa mikononi mwa akina mama, wazee, vijana na maofisa wengi. Mashirika yetu mengi yamejengwa juu ya mtu mmoja: simu zote ni zake, siri zote anazijua yeye, hata wafadhili wanamjua yeye tu. Na mtu huyo huchoka. Viongozi wa amani hubeba maiti, husikiliza simulizi ambazo hawawezi kuzipeleka nyumbani, na hakuna anayewauliza walilalaje. Wapeni likizo ya kweli. Wawekeeni mtu wa kuongea naye nje ya kamati. Wekeni ukomo wa vipindi viwili, muuheshimu hata kama aliyepo ni hodari.

Na kukabidhiana kusiwe kwa kupeana faili na muhuri. Anayeondoka amchukue anayeingia, waende pamoja hadi kwa kila mtu ambaye simu yake huokoa usiku, pande zote mbili, wakae, wajuane, namba ziingizwe kwenye simu mbele ya mwenyeji. Kazi hiyo huchukua majuma. Imalizeni kabla kampeni hazijaanza, kwa sababu zikishaanza, mgeni anayebisha hodi ng'ambo ya mto atapokewa kama mtu wa chama.