Re: Nihifadhi vipi nyuzi na bobini?

Dada, umesema nyuzi na bobini (vile vigurudumu vidogo vya uzi wa chini wa cherehani) unaviweka kwenye kopo la biskuti; hilo kopo ndilo linalokuvurugia nyuzi. Mimi nilichukua kipande cha ubao, nikapiga misumari ya inchi 3 ya kutundikia nyuzi, ikiinama kidogo kwenda juu. Ikinyooka kabisa, nyuzi zinadondoka cherehani ikitikisika. Kati ya msumari na msumari acha vidole vinne, nyuzi za koni, zile kubwa, ziachie zaidi ya hapo.

Nilichekesha kwenye bobini: kichwa cha msumari hakipiti kwenye tundu lake! Ikabidi nivikate vyote kwa koleo, nikasugua ncha kwa tupa zisikwaruze uzi. Sasa uzi unaingia kwanza, bobini ya rangi hiyo hiyo mbele yake. Ubao usikae dirishani, jua hupausha nyuzi na kuzidhoofisha. Wangu naufunika khanga kuukuu.