Mnaoanza qigong, msikimbilie nguvu mkaacha moyo nyuma

Wengi mnaoingia kwenye qigong, haya mazoezi ya Kichina ya mkao, pumzi na utulivu wa akili, sa hivi mnakuja na maswali mawili, nitaihisi qi, yaani ile nguvu ya uhai mwilini, lini, na hii kitu ni dini au siyo. La dini nalijibu haraka: Liu Guizhen alipoiingiza kwenye hospitali za China miaka ya 1950 aliondoa ibada zote akabakiza mkao, pumzi na utulivu wa akili, na zile seti 4 za mazoezi zilizotolewa na idara ya michezo ya China 2003, Baduanjin yenye vipande 8 ikiwemo, unafanya ukiwa Muislamu, Mkristo au huna dini na hakuna anayekuuliza.

Ila upande wa kiroho haukuondoka na ibada, na hilo ndo nataka mnisikilize. Wataoisti, wafuasi wa dini ya Kichina ya Utao, wa Quanzhen, njia iliyoanzishwa na Wang Chongyang karne ya 12 na hadi leo makao yake makubwa ni hekalu la Baiyun Guan kule Beijing, wanafundisha vitu viwili viende pamoja, ming ambayo ni mwili na uhai wako, na xing ambayo ni moyo wako na tabia yako. Ukijenga mwili peke yake unabaki na afya nzuri na kiburi kilekile. Hata Baduanjin, kipande cha 5, unashuka chini unazungusha kiwiliwili, jina lake lenyewe linasema kinaondoa moto wa moyo, yaani ule msukosuko wa ndani.

Chukua zhan zhuang, ile ya kusimama tu. Miguu upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, mikono mbele ya kifua kama umekumbatia mti, basi, unatulia hapo. Baada ya dakika chache mabega yanawaka, mapaja yanatetemeka, na kichwani kesi inafunguliwa, yule aliyenijibu vibaya kazini, ile hela sijalipwa, hivi nasimama hapa kwa nini. Wengi wanashusha mikono hapohapo, na jamani hapo ndo penye kazi yenyewe. Usibishane na wazo wala usilifukuze, rudisha akili taratibu chini ya kitovu, kwenye dantian, legeza taya, pumua kwa pua, likirudi na wewe rudi tena. Ukikaa na hili kwa muda utaona mtu akikuudhi nyumbani unapata kanafasi kadogo kabla hujajibu, na mimi hako kanafasi nakathamini kuliko joto lolote la viganjani.

Maana joto utalihisi, vidole vitachonyota, wengine wanaona mwanga wakifumba macho. Viache vipite. Miaka ya 80 China iliingia homa ya qigong, walimu walijaza kumbi wakiahidi kuponya watu kwa mbali, na kuna waliojifungia kutulia masaa na masaa bila mtu wa kuwaangalia wakaanza kusikia sauti, mpaka madaktari wa akili wa China wakaliingiza tatizo hilo kwenye orodha yao ya magonjwa. Kama umewahi kuugua akili basi anza na mazoezi ya kusogea, macho wazi, dakika 15 zinatosha kabisa, na daktari wako ajue.

Mwalimu naye muangalie anavyoishi, anaongeaje na mfagizi wa ukumbi, anawasemaje walimu wenzake, hela anadai vipi. Akikwambia uache dawa za presha eti qi itatosha, ondoka siku hiyohiyo na dawa uendelee kumeza.